Ngoja Ruwa Alale Kwanza

Mume wangu Badi ni dereva wa trela. Siku hiyo alirudi kutoka Malaba, mpakani na Uganda, asubuhi, macho mekundu kama pilipili, na bado hakulala. Aliketi kwenye mkeka, hapa kwetu Changamwe, akatoa simu akamlaza mtu mwingine.

Mtu huyo ni wa mchezo. Ni msafiri mwenye upanga kiunoni na mzigo mgongoni, anavuka milima toka mji hadi mji, na anayemwongoza ni mume wangu. Pembeni ya picha pana mstari wa nguvu zake. Ukimtembeza mno mstari unaisha, upanga unamtoka mkononi, na mnyama wa kwanza kukutana naye njiani anammaliza. Basi Badi humpangia safari kwa huruma ambayo mimi sijawahi kuionja: hapa atapumzika, hapa atakula, mlima huu asiuvuke kabla ya kulala. Nilikasirika. Wallahi nilitamani kuitumbukiza simu ile kwenye sufuria ya mchuzi.

"Baba Ikhlas," nikamwambia, "huyo asiye na roho wamtandikia kitanda. Wewe mwenye roho je?"

"Ngoja Ruwa alale kwanza."

Ruwa alikuwa dereva mwenzake na rafiki yake, aliyesinzia kwenye usukani karibu na Taru, trela likapinduka naye. Sikujua kama yule msafiri ana jina, sembuse jina hilo.

Hasira yangu ikahama pale pale. Madereva wa huku wana mwiko wao: neno "nimechoka" halitamkwi. Ukilitamka, wanasema, umeuita uchovu, nao utapanda gari pamoja nawe. Kwa hiyo wanaume wazima hutafuna muguka, majani ya kufukuza usingizi, hujimwagia maji kichwani, na wakiulizwa hujibu, "Niko sawa." Ruwa naye alikuwa sawa. Alimwambia Badi hivyo kwa simu, jioni ile ile aliyokufa. Wenye magari wanaupenda sana mwiko huo, maana asiyesema amechoka hadai kulala. Mwiko gani huu unaowazika wenyewe na kuwanenepesha wengine?

Simu ikalia mkononi mwake. Alikuwa Lenox, msimamizi wa magari. Badi akaiweka sauti nje, akainama kutafuta viatu kabla hata hajaambiwa neno.

"Badi, uko aje? Kuna kontena imetoka bandarini, inaenda Malaba saa hii. Uko fiti, si ndio?"

Nikamnyang'anya kiatu kimoja. "Mwamshe Ruwa," nikamwambia. "Mwambie auvuke ule mlima sasa hivi."

"Hawezi. Bado amechoka."

"Na wewe?"

"Badi?" Lenox akaita. "Tunasikizana?"

Badi alikiangalia kile kiatu mkononi mwangu. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa jua na muguka, nami niliogopa kwamba atasema lile neno lao la kila siku.

"Nimechoka, Lenox," akasema, kwa sauti ndogo kama mtu anayetukana msikitini. "Nimechoka sana. Siji."

Lenox akacheka. "Wacha hizo, buda. Basi nampea Chrispine."

"Chrispine! Si tumefuatana naye njia nzima? Tumeingia pamoja asubuhi hii!"

"Nimemuuliza. Amesema yuko sawa."

Akakata. Badi akampigia Chrispine. Simu ikaita mpaka ikanyamaza. Akapiga tena, ikaita vile vile, naye huku akitukana matusi ambayo sijawahi kuyasikia ndani ya nyumba yangu. Kisha akaninyooshea mkono apewe kiatu.

Nilimpa. Akatoka mbio kwenda yadi kumzuia Chrispine, mwenyewe akipepesuka kwa usingizi.