Kikwembe cha Siku ya Konkuru

Juzi, rafiki yangu, nilipita Panda, kambi ya kampuni ya migodi nilikokulia, nikakuta kimya. King'ora cha kampuni, kilichotupangia hata saa ya kunawa uso, hakilii tena. Sikusikitika. Nilikasirika, maana kimya kile kilinirudisha kwenye wiki za mwisho kabla ya konkuru, ule mtihani wa kuingia sekondari ya kampuni. Nafasi zilikuwa chache, na msichana aliyeshindwa wajomba walimtafutia mume. Wangu walikuwa wameshampata.

Nilisomea jikoni, bibi, niliyemwita kambo, akisonga bukari, moshi wa makaa ukinichoma macho. Jirani, ambaye binti yake alingojea mtihani uleule, alifungulia redio kwa nguvu kila nilipofungua kitabu, kisha akauliza kwa upole, "Masomo inaendelea, mama?" Nilimchukia, na sijaacha. Bibi alinivuta sikio tu: "Angalia kitabu. Redio ya watu haitakuandikia."

Lakini adui wangu hasa alikuwa mwalimu. Miaka ile, kila mkubwa wa chama aliyefika alipokewa na watoto wa shule wakikata viuno na kumwimbia Kiongozi sifa. Mwalimu alinichagua kwa urefu wangu. Alasiri nzima tulifanya mazoezi juani, vumbi hadi kooni. Nikajifunza kuimba sifa mdomoni huku kichwani nikizidisha na kugawanya.

Mkubwa mmoja akatangazwa kuja asubuhi ya konkuru. Mwalimu akasema tucheze kwanza, mtihani utangoja. Nani amewahi kuona mtihani ukimngoja mtu? Tulipangwa barabarani, tumefungwa vikwembe vyenye picha ya Kiongozi kifuani, na mkubwa hakuonekana. Ndipo bibi akapasua mstari na kunishika mkono.

"Sitwayene, huyu iko na kazi ya chama," mwalimu akasema, akimwita bibi 'mwananchi' kwa neno la chama.

"Iko na konkuru. Kama unakosa muchezaji, cheza weye."

Tulikuta mlango wa chumba cha mtihani umefungwa. Msimamizi aliufungua tusi likiwa tayari mdomoni, akaiona ile picha kifuani pangu. Alikohoa, akanipisha. Nani angethubutu kumfungia Kiongozi mlango? Kitambaa nilichokichukia ndicho kilichoniingiza.

Bibi, kwa kosa la kunitoa mstarini, vijana wa chama walimpeleka kupalilia kando ya barabara kuu, wapita njia wamwone. Nilimkuta jioni kizingitini, mikono imejaa udongo.

"Umeandika?"

"Yote, kambo."

"Basi toa ile kilamba."

Nilimpa kikwembe. Akajipangusa taratibu, kidole kwa kidole, palepale usoni pa Kiongozi, mlango ukiwa wazi.

Nilifaulu, na habari za mume zikaisha. Shule yenyewe leo haina hata madirisha. Wenzangu wa kambi wanapoikumbuka miaka ile, mate huwajaa: unga wa kampuni, samaki wa kampuni, hospitali ya kampuni. Mimi pia naukumbuka unga ule, ulikuwa mzuri. Ila mgongo wa bibi haukunyooka tena tangu siku ile, na kijana aliyempa jembe sasa ni mzee, hunisalimia sokoni. Siitikii.