Reli ya Mtama

Harufu ya gundi ya unga wa muhogo ikianza tu kutoka sufuriani, namwona baba amepiga magoti sebuleni, katika nyumba ya reli pale Malampaka. Alikuwa anastaafu kazi ya mkuu wa stesheni, wiki ile tulitakiwa kuhama, naye hakukubali kuondoka bila stesheni yake. Basi sote tukaijenga juu ya ubao: jengo la boksi, mabehewa ya viberiti, moshi wa pamba. Kokoto za reli akataka ziwe mtama.

“Si uweke mchanga tu?” mama alimwambia.

“Mchanga unang'aa. Kokoto zetu hazing'ai.”

Tukabandika punje moja moja mpaka vidole vikagandana. Tukauanika ubao uani, na kuku wa mama wakaila reli yote, wakabakiza mabehewa.

“Baba watoto, nilikwambia mimi!” Mama aliwaka.

Nilidhani sasa baba atakubali mchanga. Wapi! Alisonya, akafungua gunia la mtama ambalo mama alishalishona kwa safari, tukaanza upya. Niliapa moyoni kwamba nikikua sitaki kuiona ile stesheni.

Ubao wenyewe uko kwangu hapa Bariadi. Panya wameitafuna reli upande mmoja, na leo tunaitengeneza. Binti yangu kaniletea mchanga kwenye kikombe, kauchekecha mwenyewe.

“Mama, huu si unafaa?”

Nikauangalia juani.

“Unang'aa,” nikamwambia. “Lete mtama. Na uwafungie kuku kwanza.”