Mfereji Wangu Uliofika kwa Mama Mkwe

Nichekeni tu, maana afadhali niisimulie mwenyewe kuliko kumwachia Mzee Salehe, ambaye huitia chumvi (ingawa, Mungu anisamehe, chumvi haihitaji). Ni kweli, siku kumi kabla ya harusi yangu nilimwonyesha mama mkwe kitu ambacho hata mke wangu alikuwa hajakiona.

Zama hizo za Mwingereza nilikuwa shamba la mkonge hapa Korogwe, nikimbebea mzungu mpima ardhi vigingi vyake, na miezi mitatu ya kubeba vigingi ikanitosha kujiona injinia. Uani kwangu Masuguru kulikuwa na dimbwi lisilokauka masika wala kiangazi, vyura wamehamia humo na koo zao zote, mpaka bwana afya akapita na baiskeli, akachungulia viluwiluwi vya mbu, akasema Jumatatu anataka pakavu. Mwenye akili angejaza kifusi. Mimi nikaliona tuta la udongo nyuma ya ua, limeota nyasi, nikasema aha, hili ndilo linalozuia maji, wazee hawa hawakujua kazi, nalikata na maji yateremke yenyewe hadi mtoni.

Kati ya tuta na mto (jambo dogo tu hilo) kulikuwa na ua wa Mama Zaina, mama wa mchumba wangu. Ningemuuliza tuta ni la nini, lakini kwetu Wazigua mama mkwe humsemeshi ovyo wala humtazami usoni, mkikutana njiani unaingia majanini na kujifunika, na neno lolote linapita kwa mshenga, na mshenga wangu ndiye huyo Mzee Salehe, ambaye salamu peke yake ni saa nzima. Nikaona niulize ya nini, nami ni fundi?

Ijumaa nikalikata. Maji yakatoka vizuri mno, nami mikono kiunoni nikijisifu, hadi niliposikia kuku wa upande wa pili wakipiga kelele. Nikachungulia. Majamvi matatu ya mpunga, mpunga wa harusi yangu mwenyewe, yameanikwa juani, na maji yanayafuata.

Nimwite? Mkwe haitwi. Nimtume mshenga? Yuko msikitini. Nikaugeukia mgomba uliokuwa kando ya ua, nikapaza sauti kwa adabu zote: "Ewe mgomba, kama kuna mtu huko jikoni, mwambie maji yanakuja!" Mgomba ukanyamaza.

Nikaruka ua, na Mama Zaina naye akatoka jikoni. Kwa heshima (heshima hasa!) nikaivuta shuka niliyojifunga kiunoni nikajifunika uso, nikabaki na kaptula ya kazini, ile iliyopasuka nyuma kote. Nikakimbia hivyo hivyo bila kuona, nikapapasa jamvi, nikateleza, nikaanguka kifudifudi katikati ya mpunga.

Ndipo nikasikia sauti ambayo haikuwahi kunisemesha tangu nichumbie: "Baba, funua huko usoni, ufunike huku nyuma. Halafu inuka, mpunga unakwenda."

Nilitamani ardhi ipasuke. Tuliokoa majamvi mawili, la tatu likaenda zake mtoni, na mimi nalia waziwazi, maana nilijua Zaina nimemkosa. Mama Zaina alipotulia, akaugeukia mgomba. "Mgomba, mwambie huyo fundi, tuta lile alilipandisha marehemu mume wangu ili maji ya huko yasije huku. Na mwulize, mdomo wa kuuliza alikuwa amemwazima nani?"

Jioni Mzee Salehe akaleta jibu: binti nitapewa, nikilirudisha tuta kwa mikono yangu. Jumatatu bwana afya akanikuta nikilirudisha tuta, akatazama ua wangu mkavu, akanisifu mbele ya watu, "Safi kabisa!" kisha akachungulia kwa Mama Zaina na kumpa siku saba akaushe dimbwi lake. Nadhani mnajua nani alilikausha.

Tangu hapo tuta la mtu siligusi kabla ya kuuliza, hata kama ni kupitia mgomba. Harusi ilikuwepo, wali ukawa haba kidogo. Na mpaka leo nikikutana na mama mkwe njiani tunapishana kwa adabu, kila mtu amejifunika uso wake, ila mwenzenu nasikia kabisa, ndani ya kanga yake anacheka.