Chumba Ambacho Bihi Hakukifungua

"Hufungui," nikamwambia. "Ukitaka kufungua, ning'oe shingo kwanza, maana ufunguo umening'inia hapo."

"Ijja shemeji yangu, shingo yako haimo kwenye fomu," Bihi akajibu. "Kwenye fomu kimo chumba."

"Basi andika kimejaa."

"Kimejaa nini?"

"Vitu."

"Vitu gani?"

"Vitu vya heshima! Mbona unanihoji kama askari wa mpakani?"

Tulikuwa tumesimama ndani ya ghala la kijiji chetu cha Tazrut, yeye na orodha yake mkononi, mimi nimeuegemea mlango wa chumba changu kwa mgongo mzima, na mgongo wangu si mdogo. Vyumba arobaini na saba vilikuwa vimeshafunguliwa na kupigwa picha. Kilibaki changu. Bi Ghizlan wa ofisi ya utamaduni alikuwa anakuja adhuhuri ileile kuchukua orodha, na alikwishasema waziwazi: kikikosekana chumba kimoja, faili halitiwi muhuri. Na faili lisipotiwa muhuri, serikali haitoi maboriti ya paa. Na paa lenyewe, upande wa juu, lilikuwa limeinama kama ngamia anayetaka kukaa.

"Mvua moja tu, Ijja," Bihi akasema. "Mvua moja, na haya yote yanalala chini."

"Usinitishe na mvua. Babu wa mume wangu aliikata mvua kwa upanga."

"Upanga huo ndio uliomo humu?"

Nikaukaza mgongo mlangoni.

Ngoja nimseme huyu Bihi, maana asiyemjua atadhani ni mkorofi. Ni binamu wa marehemu mume wangu, mwembamba kama kijiti cha kukorogea uji, na ndiye lamin wetu, yaani mlinzi wa ghala. Ghala letu liko juu ya kilima, ghorofa tatu za mawe. Kila ukoo una chumba chake, na kila chumba kina mlango mdogo na ufunguo wake wa mti wenye meno, anaokaa nao mwenyewe. Lango kubwa ndilo la lamin. Baba yake Bihi alipopofuka alimwita kijana wake wa miaka ishirini, akamsimamisha kizingitini, akamwapisha mambo mawili: usiingie chumba kisicho chako, na ulichokiona kikiingia au kikitoka langoni, usikiseme.

Bihi akaapa. Na Bihi akiapa ameapa. Nimemwona kwa macho yangu akimwomba radhi mbuzi aliyemkanyaga gizani. Usiku mmoja walikuja wezi saba, wakamshika kanzu wakamuuliza ufunguo wa lango uko wapi. Akawaambia, "Mfuko wa kushoto." Wezi wakatazamana. Hakuna mlinzi anayejibu hivyo! Wakajua ni mtego, wakatimua mbio, hawakusimama mpaka Mauritania, na watatu kati yao wameoa hukohuko.

Basi miaka ikaenda. Vijana wetu walihamia Kasablanka kufungua maduka, wengine wakavuka bahari wakachimbe makaa Ufaransa, na waliobaki wakaanza kununua unga wa gunia. Shayiri haikupandishwa tena kilimani. Ghalani wakabaki Bihi, paka, na vitu vya mabibi zetu. Bihi akasema haya ni makumbusho tayari, yanakosa kibao tu. Akapaka rangi kibao, akakitundika, kisha akaanza kuiandikia serikali.

Miaka minane aliandika. Kila baada ya mavuno alivaa kanzu yake nyeupe, akashuka mjini na bahasha, na kila mara alirudi na fomu mpya. Fomu ilimuuliza wageni ni wangapi kwa mwaka. Akaandika: wawili, mmoja alipotea njia.

"Andika elfu mbili!" nilimfokea. "Hesabu na mbuzi!"

"Mbuzi hawakutia saini kwenye daftari la wageni," akanijibu, na uso wake hauna hata chembe ya mzaha.

Mwaka uliofuata wakamuuliza makumbusho yana vyoo vingapi. Akaandika: mlima mzima. Sijui nani aliisoma ile karatasi kule mkoani, lakini nadhani ndiye aliyecheka mpaka akamtuma Bi Ghizlan.

Alikuja mwezi wa lozi kuchanua. Kamwanamke kafupi, viatu vya mjini, akapanda kilima bila kupumzika, akanywa glasi tano za chai, akaomba na ya sita. Hapo nikampenda. Akasema serikali inaweza kuleta mafundi na maboriti, na tena kila kitu cha ghalani kitapigwa picha na kuwekwa kwenye mtandao, ili mtoto wa Tazrut aliyezaliwa Ufaransa akitaka kuona chumba cha bibi yake, akione kwenye simu.

Lo, wazee waliruka kama waliomwagiwa maji ya moto! Chumba cha mtu kutazamwa na dunia nzima? Tangu ghala lijengwe hakuna aliyechungulia kwa mwenzake! Miezi miwili hatukuwa na mazungumzo mengine. Bihi hakupiga kelele. Alikwenda nyumba kwa nyumba, anakaa, anakunywa chai, anasema neno moja: "Mimi niliapa sitasema. Nyinyi hamkuapa. Fungueni wenyewe kwa mikono yenu, mseme wenyewe kwa midomo yenu." Kisha anainuka na kwenda nyumba ya pili. Mwishowe wazee wakakubali.

Wa kwanza kufungua alikuwa Haji Addi, maana yeye kwa miaka hamsini alikuwa akitusumbua na tandiko la sultani. Eti sultani alipita Tazrut, akalala kwa babu yake, akamwachia tandiko la farasi lenye nyuzi za dhahabu. Siku ya kufungua aliwaalika hadi wakwe. Mlango ukafunguliwa, Bi Ghizlan akaingiza taa, na tandiko kweli lilikuwepo. La punda. Pembeni yake makaratasi ya buluu ya kufungia sukari, mia tatu, yamekunjwa vizuri moja moja.

"Huyo sultani alikuwa mwepesi sana," nikasema, "kama punda alimweza."

Mamas, mkewe Haji, alikaa chini kwa kicheko, akashindwa kuinuka, ikabidi tumnyanyue wanawake wanne. Haji alinuna mpaka jioni. Jioni simu ikalia: mwanawe, yuko dukani Kasablanka, wateja wamepanga mstari, na yeye hauzi kitu, amejifuta machozi kwa kitambaa cha mezani. Ameiona picha. "Baba, hilo ndilo tandiko nililopandia kwenda sokoni! Ile alama ya meno ni ya kwangu!" Tangu siku hiyo Haji Addi anatembea na simu kifuani, anamwonyesha kila apitaye tandiko la punda, mpaka tumelichoka kuliko lile la sultani.

Baada ya hapo nani ataogopa? Vyumba vilifunguliwa kama mikebe sikukuu. Mmoja alikuta kiatu cha harusi cha mguu mmoja, mwingine akakuta jino, na hajui ni la nani. Rqiya alikuta kijiti cha kusokotea sufu cha mama yake, uzi bado umezungushwa, akakaa nacho mapajani saa nzima akiimba. Kila jioni ilikuwa ngoma na chai, nami nikisaga lozi kwa mafuta na asali mpaka bega likateguka. Nilicheka kuliko wote. Niliwacheka wote.

Na kila chumba kilichofunguliwa kilinisogezea zamu yangu.

Maana mimi ndiye niliyekuwa na makubwa. Upanga uliokata wingu, mvua ikanyesha siku tatu upande mmoja wa njia tu. Mkufu wa kaharabu mrefu kama kamba ya kisima, bibi harusi akiuvaa lazima shangazi wawili watembee nyuma wameubeba. Bi Ghizlan aliyanasa yote kwenye simu yake, akacheka mpaka akaishiwa pumzi, akasema, "Bibi Ijja, hivyo lazima nivipige picha." Hivyo sasa mnajua kwa nini nimeegemea mlango.

"Bihi," nikamwambia kwa sauti ya kubembeleza, "akija, mwambie ufunguo umevunjika."

"Haujavunjika."

"Najua haujavunjika! Nakufundisha. Sema: ufunguo umevunjika."

"Ufunguo ume..." Jasho likamtoka. "Ume..."

"Umevunjika!"

"Ume... uko shingoni mwako, Ijja."

"Ee Mola! Miaka sabini na hujui kusema uongo mmoja! Mtoto wa miaka miwili anaweza!"

"Basi fungua tu, shemeji. Chochote kilichomo kinatosha. Haji Addi ana punda, na dunia haikupasuka."

"Haji Addi ana kitu! Hata punda ni kitu! Mimi sina, unasikia? Hakuna upanga, hakuna kaharabu, hakuna hata kipande cha kamba! Nilikimaliza chumba kwa mikono yangu mwaka ule wa ukame, mume wangu yuko migodini, barua haziji, watoto wanne wanalamba sufuria. Nilimpa mchuuzi upanga na mapambo yote ya fedha ya mama mkwe, akanipa shayiri na mbuzi wa maziwa. Na tangu wiki ile nilianza kusimulia, ili mtu asije akauliza."

Maneno yalipokwisha kutoka nikaziba mdomo kwa ncha ya shela. Umechelewa, Ijja.

Bihi alikuwa anatazama viatu vyake. "Najua," akasema. "Ni mimi niliyekufungulia lango alfajiri ile."

Ni kweli. Alinifungulia, mimi na furushi langu, akageuka kuutazama ukuta kama vile ukuta una habari mpya. Hakuniuliza siku hiyo wala siku nyingine. Nilikaa naye kwenye harusi na matanga, nikisema upanga, nikisema kaharabu, naye akitikisa kichwa na kunimiminia chai.

"Arobaini na moja," nikasema. "Miaka arobaini na moja umenisikiliza na upanga ule!"

"Ulikuwa mzuri. Pale kwenye wingu nilikuwa napapenda."

"Mjinga wewe! Na sheria je? Chumba kikikaa kitupu miaka saba si kinapewa ukoo mwingine? Ulitakiwa uwaambie wazee!"

"Ningewaambia kikiwa kitupu," Bihi akasema. "Hakikuwa kitupu."

"Nimekwambia nilikimaliza mwenyewe!"

Akaanza kujikuna shingo, na masikio yake yakawa mekundu kama ya mvulana aliyekutwa juu ya mti wa watu. Akanyoosha kidole juu ya kichwa changu. Pale juu ya mlango, kama ilivyo kwenye kila mlango wa ghala, pana tundu la paka, aingie akamate panya.

"Lamin hupewa kibaba cha shayiri na kila ukoo, kila mavuno," akasema bila kuniangalia. "Changu kilikuwa kinazidi. Sikuingia, Ijja, naapa. Sijawahi kukifungua. Nilikuwa nikipitisha mkono tu, namimina. Wakiniuliza wazee, chumba cha Ijja kina kitu? Nasema kina. Na kilikuwa nacho."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka."

"Hata baada ya watu kuacha kuleta shayiri?"

"Nilizoea," akasema.

Niliuvua ufunguo shingoni. Nikayaingiza meno yake mlangoni. Komeo likalia, likaachia. Nikasukuma. Mlango ukakataa.

"Umekwama," nikasema.

"Haujakwama. Sukuma na mgongo, ndio kazi yake."

Nikamkata jicho, lakini nikaugeuza mgongo nikasukuma, naye akaweka bega lake jembamba pembeni, na tukasukuma hivyo vizee viwili, tukihema na kutukanana, mpaka mlango ukaachia kiganja kimoja. Na hapo shayiri ikaja. Ikapita kwenye ufa, kavu, ya dhahabu, inatoa sauti ile niliyokuwa sijaisikia tangu watoto wangu walipokuwa wadogo. Ikafunika viatu vya Bihi. Ikanifika vifundoni. Paka wa ghala, aliyekuwa amelala humo ndani juu ya miaka yake arobaini na moja, akatoka kwa hasira, akatupita bila salamu.

Nikacheka, na machozi yakaja pamoja na kicheko, sikujua nizuie kipi. Nikamshika mkono wa kanzu.

"Bihi," nikasema. "Shemeji. Sikiliza, nataka nikwambie neno, na hili si la kubuni. Mimi leo..."

"Msisogee!" Bi Ghizlan alikuwa amesimama langoni na viatu vyake vya mjini, simu imeinuliwa juu. "Hapo hapo! Bibi Ijja, usiikanyage hiyo shayiri, ndiyo picha ya mwisho ya orodha!"