Utatuandika Siku Gani?

Siku yangu ya kwanza kazini nilipanga viti. Mkurugenzi wa Mihadhara, Mbelgiji mrefu aliyevaa kaptura hata katika baridi ya mwezi wa sita, alinipeleka kwenye ukumbi mmoja wa mji wa Wazungu, akanionyesha safu mbili za mbele na kusema ziachwe wazi.

"Ni za nani, Bwana Mkurugenzi?"

"Za wageni rasmi."

"Na wasipokuja?"

"Zitabaki zao."

Hawakuja. Watu walibanana nyuma, na profesa akazungumza na viti vitupu kwa heshima zote. Nilikuwa na umri ambao mtu hutaka kila jambo lieleze sababu yake. Nilikuwa pia mmoja wa Waafrika wachache sana waliopokelewa katika chuo kikuu kipya cha Elisabethville. Mchana nilisoma, jioni na Jumapili nilifanya kazi hii ili niweze kuendelea kusoma. Ninyi mnaopanda basi la Kasapa kwenda chuoni kila asubuhi mnaweza kudhani chuo kikuu kimekuwapo tangu zamani kama kilima. Mimi nilikiona wakati rangi ya milango bado inashika vidole.

Mihadhara ilikuwa hivi. Mwandishi wa Ulaya akitoa kitabu, alifanya ziara ya koloni. Alizungumza kwanza mjini, kwa Kifaransa, mbele ya Wazungu na wake zao. Kisha, kama serikali iliona kitabu hakina hatari, alipelekwa kwenye cité, yaani mtaa wetu sisi Waafrika, akarudia maneno yaleyale pamoja na mkalimani. Baada ya miezi kadhaa ya viti, nilipandishwa kuwa mkalimani huyo.

Tulifanya kazi kwa vipande. Msemaji alisema kipande, akanyamaza, nami nikakirudisha kwa Kiswahili, kisha yeye akaendelea. Mwenye uzoefu alimwonyesha msemaji mahali pa kukata kwa kugusa meza kwa kidole. Mgeni akipuuza kidole, kipande kilirefuka hata mkalimani akabaki ameshika mkia tu. Mkurugenzi alinifundisha kusimama hatua moja nyuma ya msemaji, upande wa kushoto. Kisha akanipa amri ambayo kwake ilikuwa kubwa kuliko zote.

"Akisema 'mimi', wewe unasema 'mimi'. Usiseme kamwe 'yeye anasema'. Wewe hupo."

"Nisipokuwapo, nani anasema?"

"Yeye."

"Kwa mdomo wangu?"

"Kwa mdomo wako. Mshahara ni wa mdomo."

Mara ya kwanza niliposimama kwenye cité nikatangaza, "Mimi nilizaliwa karibu na bahari ya kaskazini, na nilipokuwa mtoto nilicheza kwenye theluji," mama mmoja muuza samaki aliuliza kutoka katikati ya ukumbi, "Na mama yako anajua?" Watu walicheka mpaka mgeni naye akacheka, akidhani theluji imewafurahisha. Polepole walizoea. Walijifunza kuniangalia mdomo na kumwangalia mgeni uso.

Sasa niwaeleze Jumapili iliyonitoa mjini.

Alikuwa anakuja mwandishi wa riwaya, mtu mwenye jina huko kwao. Mkurugenzi alitaka tangazo la Kiswahili la kubandika kwenye cité. Nilipendekeza neno "mtunzi". Alikataa, na sababu yake ilikuwa nzuri: hapa kwetu hakuna anayesema mtunzi. "Lakini kuandika," alisema, "kila mtu anajua kuandika ni nini." Nilikubali. Basi tangazo likasema kwamba mwandishi mkubwa kutoka Ulaya atafika Jumapili alasiri, na watu wote wanakaribishwa.

Mkurugenzi alisema kweli. Kila mtu alijua kuandika ni nini. Katika Katanga ya wakati ule, kuandikwa ni kupewa kazi. Wazazi wetu waliandikwa kwenye migodi, waliandikwa kwenye reli, na waliotoka Kasai waliandikwa hukohuko kwao wakaletwa huku. Mwandishi mkubwa angekuwa nani tena, kama si mkubwa wa wanaoandika watu kazi? Mkurugenzi na mimi, kwa sababu ya vitabu vyetu, ndio tuliokuwa peke yetu mjini tusioliona jambo hilo.

Nilipofika nilikuta wanaume wamejaa mpaka barabarani, mashati yamepigwa pasi, ndevu zimenyolewa. Waashi walibeba miko yao, na seremala mmoja alikuwa na randa kwapani. Karibu na mlango alisimama mtu wa miaka thelathini na kitu, mwenye mabega mapana. Alinishika mkono. Jina lake lilikuwa Ngoie, mtu wa kaskazini, na alikuwa amepoteza kazi ya kuchoma matofali.

"Mudogo, weye njo mukalimani?"

"Ndiyo, yaya," nilimjibu, kama tunavyomwita kaka mkubwa.

"Ile muzungu anaandika bantu wa kazi gani?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilimwuliza kwa nini anadhani mgeni anaandika watu. Alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini mvua inalowesha.

"Iko kwenye tangazo. Sikia, mudogo. Nisipopata kazi wiki hii, batanirudisha ku muji na bana yangu yote. Beko ku masomo hapa. Kule masomo haiko. Kesho asubuhi reli inaandika bantu, lakini ule wa reli iko mudogo tu. Huyu iko mukubwa. Akisema atatuandika, ku reli siendi."

Mambo yalikuwa wazi. Asiyekuwa na kazi hakuruhusiwa kukaa Elisabethville, alirudishwa kijijini kwao na watoto wake, na reli haikuandika watu kila wiki.

Nilimkimbilia Mkurugenzi. Alikuwa anamkaribisha mgeni, uso umemng'aa, kwani hajawahi kuona ukumbi ule umejaa. Nilianza kusema kuhusu tangazo. "Baadaye," alisema. Nikasema haliwezi kungoja. "Kila kitu chako hakiwezi kungoja," alinijibu, akaingia ndani.

Mgeni alikuwa mzee mpole mwenye sauti ndogo. Aliiona miko na randa, akamnong'oneza Mkurugenzi kwamba hajapata kuona wafanyakazi wanaotoka kazini Jumapili, zana mkononi, ili kusikiliza fasihi. Alianza kwa kuuliza nani anajua kusoma. Mikono yote ilipanda, hata ya wasiojua, maana ndivyo wanavyouliza wanaoandika watu. Kisha akaeleza kazi yake. Nilitoa vipande kama nilivyofundishwa.

"Mimi ninaandika tangu alfajiri," nilisema kwa ajili yake. Watu waliitikia kwa vichwa. "Wale ninaowaandika ninaishi nao, ninakula nao." Wakatazamana kwa furaha. Mgeni alikuwa anazungumza juu ya watu wa riwaya zake. Kisha akasema, nami nikasema, "Lakini wengi ninaowaandika leo, kesho ninawafuta."

Ukumbi ulinung'unika. "Siku moja tu?" seremala alimwuliza jirani yake kwa sauti. "Huyu iko mubaya kushinda wa mugodi."

Mgeni alifurahi kwamba maneno yake yanagusa. Alipomaliza, Mkurugenzi aliuliza kama kuna swali. Ngoie akasimama, kofia mkononi.

"Bwana Mwandishi, tumesikia. Sasa utatuandika siku gani?"

Nililipeleka swali kwa Kifaransa neno kwa neno, kama amri ilivyotaka. Nilifikiri mgeni atashangaa, atauliza maana, na mambo yataeleweka kwa njia ya kawaida. Hakushangaa. Katika Kifaransa swali lile liligeuka kuwa jambo jingine kabisa: watu weusi, wamesimama na zana zao, wanamwuliza mwandishi ni lini atawatia katika kitabu. Macho yake yalilowa. Aliweka mkono kifuani.

"Nitawaandika," alisema. "Nawaahidi. Nitawaandika ninyi nyote."

Akanyamaza, akanigeukia. Ilikuwa zamu yangu. Watu hawakujua Kifaransa, lakini waliona mkono ule kifuani na machozi yale, na Ngoie alikuwa ameshaanza kutabasamu. Kiswahili kilikuwa tayari, neno kwa neno, bila kosa: mimi nitawaandika ninyi nyote. Hakuna mwalimu ambaye angenikata alama.

Nilisogea hatua moja mbele.

"Yeye anasema atawatia katika kitabu chake," nilisema. "Yeye anaandika hadithi. Haandiki watu kazi. Kazi hana."

Mtu mmoja alisema, "Baturudishie basi Jumapili yetu," na wengine wakacheka bila furaha. Viti vikasukumwa. Walitoka taratibu, kwa adabu, na miko yao. Ngoie alibaki amesimama, akimtazama mgeni, kisha mimi, kisha mgeni tena. Naye akavaa kofia akatoka.

"Umewaambia nini?" mgeni aliniuliza.

"Ulichosema, bwana."

"Basi mbona wanaondoka?"



Kesho yake Mkurugenzi aliniita. Hakupiga kelele. Alijua Kiswahili kiasi, cha kutosha kwa jambo moja.

"Ulisema 'yeye'."

"Ndiyo, Bwana Mkurugenzi."

"Kwa nini?"

"Ningesema 'mimi nitawaandika', leo asubuhi wasingekwenda reli."

"Kupima hilo si kazi yako."

"Ni kazi ya nani?"

Alifikiri. Namshukuru kwa hilo, kwamba alifikiri. "Sijui," alisema. "Lakini mgeni ameondoka mjini akiamini watu weusi hawampendi, na mimi nimeulizwa na wakubwa wangu. Utakwenda Sakania."

Uhamisho ule haukuitwa adhabu. Sakania ni mji wa mpakani, wa reli na biashara ndogondogo, na kazi yangu ilikuwa kuwaeleza watu wa stesheni sinema za serikali, Jumapili baada ya Jumapili. Chuo kikuu nilikiacha, na sikukaa tena upande wa wanafunzi.

Nilikuwa nimemaliza msimu mmoja wa mvua huko pale treni ya mizigo ilipoingia, na mfunga breki akashuka akinyoosha mgongo. Alikuwa Ngoie. Tuliamkiana vizuri. Watoto walikuwa Elisabethville, bado wako ku masomo, na mkubwa alikuwa anamsumbua kwa Kifaransa nyumbani. Aliniuliza kilichonileta.

"Walinihamisha kwa ajili yenu, yaya."

"Juu yetu?" Alicheka. "Weye njo ulituzuilia ile kazi."

"Kazi haikuwako."

"Ni weye ulisema. Miye niliona uso ya ile muzungu. Muntu anatoa machozi, anaweka mukono hapa, halafu mukalimani anasema hapana kazi?"

"Alilia kwa ajili ya kitabu."

"Nani analia juu ya kitabu?"

Nilimwuliza, kama ni hivyo, kwa nini alikwenda reli.

"Hasira," alisema. "Nilisema, huyu mutoto amekula kazi yetu, ameiweka kwa ndugu zake. Basi niende kwa bengine." Alinunua karanga kwa mama wa stesheni, akanimiminia nusu mkononi. "Sikukasirikii, mudogo. Imekwisha. Lakini kweli yako siijui mpaka leo."

Baada ya uhuru nilirudishwa Elisabethville, ambayo baadaye ikawa Lubumbashi. Nilihudumia mihadhara ya chuo kikuu chini ya Katibu Mkuu mmoja na Wakuu wa Idara kadhaa, mpaka nikastaafu. Niliwakalimania waandishi wengi, na nilirudi kusema "mimi" kwa niaba yao, kwa sababu bila hiyo hotuba haisikilizwi. Vijana wanaofanya kazi hiyo leo huniuliza kama nilifanya vema Jumapili ile. Wengi wanataka niseme ndiyo. Wachache, ambao nawapenda zaidi, huuliza nani alinipa ruhusa.

Hakuna. Nami sikuacha kumfikiria Ngoie kwa upande huo. Kwenye ukumbi ule alikuwa na vitu viwili tu vya kushika, uso wa mgeni na neno langu, na hakuwa na njia ya kupima hata kimoja. Aliamini uso. Kama ningekaa kwenye kiti chake, nikamwona mkalimani anasogea mbele hatua moja na kubadili neno, mimi pia nisingemwamini.