Boti Tuliyouziwa na Mtani

Mtu aliyetuuzia boti ile ndiye aliyechimba kaburi la mama yangu. Nalisema hilo kwanza, asije mtu akaniuliza ilikuwaje mwalimu mzima, mwenye akili zake timamu, akanunua chombo cha majini bila kuinama kukikagua.

Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu enzi za mabibi huko juu Uluguru. Kwetu ukoo unafuata kwa mama, kwa hiyo utani huo niliurithi kwa mama yangu pamoja na kipande cha shamba la Kinole na miguu mifupi. Mama alipofariki, mtani huyu alifika kabla ya ndugu wengi. Alichimba kaburi, akateremka ndani, akalala chali, akatangaza kwamba kaburi lina raha kuliko kitanda chake na hatoki mpaka apewe jogoo. Watu waliokuwa wanalia wakacheka. Nami nilicheka, na siku ile nilikula chakula kwa sababu ya kicheko kile. Ndiyo kazi ya mtani. Anakutukana mbele za watu, anamchukua kuku wako bandani ukimwona, nawe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna, aibu ni yako.

Zilikuwa zama za ruksa, serikali imefungulia biashara. Morogoro Mjini kila mlango ulikuwa umegeuka duka. Mitumba ilitandazwa mpaka kwenye mitaro, na watu tuliowajua hawana baiskeli walianza kuonekana ndani ya magari yaliyotoka Japani. Viwanda navyo vilikuwa vinafungwa kimoja kimoja. Mume wangu alikuwa mtunza stoo kiwandani, wakampunguza, wakampa kiinua mgongo ndani ya bahasha ya kaki. Tulikuwa na watoto wawili, binti wa miaka minne na mdogo wake ambaye bado nilikuwa namnyonyesha. Mshahara wangu wa ualimu ulikuwa wa kununulia chumvi. Bahasha ile ndiyo ilikuwa maisha yetu yote, na mimi na mume wangu tulijua hivyo, ingawa tulikuwa tunaiongelea kwa utulivu kama watu wenye bahasha nyingine.

Mume wangu hakutaka kioski. Alisema mtaa wetu una vioski sita, tutauziana chumvi sisi kwa sisi mpaka lini. Alitaka kitu ambacho hakuna mtu mwingine mjini anacho. Basi mtani akampa.

Mtani alikuwa dereva wa mradi wa wazungu waliokuja kupima maji ya mito. Mradi ulipokwisha, wenyewe wakaondoka, na katika kugawana mabaki yeye akapata boti. Aliiweka chini ya turubai nyuma ya nyumba yake, Bigwa. Ilikuwa nyeupe, ina mstari wa buluu na viti vya kukaa watu sita, na haikuwa na pangaboi. Injini yake ilikuwa inavuta maji kutoka chini ya boti na kuyatema kwa nyuma kwa nguvu, na maji hayo ndiyo yanayoisukuma. Mume wangu alilipenda jambo hilo kuliko yote. Hakuna kisu kinachozunguka majini, alisema, mtoto anaweza kuogelea pembeni yake. Alishapanga kila kitu. Jumapili, Idi na Krismasi tungewatembeza watu kwenye bwawa la Mindu, maana wenye fedha mpya pale mjini hawakuwa na pa kwenda zaidi ya kwenye nyama choma. Siku za kazi ingekuwa boti ya familia.

Sitasema alinilazimisha. Niliitaka boti ile. Nilijiona nimekaa kiti cha mbele nimefunga kilemba, wanangu wako nyuma, na walimu wenzangu wamesimama ukingoni wananitazama. Nilikuwa na miaka ishirini na saba.

Tulikwenda kuiangalia Jumamosi asubuhi. Mke wa mtani alituletea chai na mihogo, akanipokea mtoto. Mtani akavuta turubai, akasimama mbele ya boti, mikono nyuma, uso mkavu kabisa.

"Mtani, hii ni maiti," alisema. "Nimeiosha, nimeipaka rangi, sasa natafuta mjinga wa kuizika."

Mume wangu, ambaye si wa ukoo wetu lakini alikuwa anaupenda utani kuliko sisi wenyewe, alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nikajibu kwamba mjinga ni anayelala na maiti uani kwake. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunazungumza kila siku. Akapiga magoti upande wa nyuma, akaweka kidole chini, pale tundu la injini linapokutana na mwili wa boti, mahali ambapo rangi ilikuwa inang'aa kidogo zaidi.

"Hapa pana ufa. Nimeuziba kwa mkono wangu huu. Ukifika katikati ya maji utanikumbuka."

Nikamwambia nitamkumbuka nikiwa nakula kuku. Tukacheka wote.

Nimeirudia asubuhi ile kichwani mara nyingi kuliko nilivyorudia sala yoyote. Kama mtu baki angeniambia hapa pana ufa, ningeinama. Ningepapasa, ningeita fundi. Kwa mtani sikuinama, kwa sababu kuinama kungekuwa ni kumwambia simwamini mtu aliyelala kwenye kaburi la mama yangu ili nipate kucheka. Na hilo alilijua. Alisimama pale, akaniambia kweli tupu kwa ulimi wa utani, akijua fika kwamba kweli hiyo sina ruhusa ya kuisikia.

Kisha akaiwasha. Akaingiza mpira wa maji kwenye injini, ikanguruma hadi majirani waliokuwa wanatuchungulia tangu mwanzo wakasogea, na maji yakaruka kwa nyuma yakamlowesha binti yangu kuanzia utosini. Mtoto akapiga kelele za furaha akataka tena. Mtani akambeba juu juu. Alikuwa anamwita "mke wangu", kama watani wanavyowaita watoto wa kike, na siku hiyo akamwambia boti hii ndiyo mahari yake. Tukatoa bahasha, na juu yake tukaongeza cherehani yangu. Mke wake alinirudishia mtoto bila kuniangalia usoni, nikadhani amechoka.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, tuliivuta hadi Mindu kwa trela la kuazima. Tulimwalika mtani aje atufungulie njia. Akatuma salamu kwamba amepata msiba Turiani.

Mwanzo ulikuwa mzuri, na hilo linanikera mpaka leo. Milima ilikuwa wazi juu hadi chini, haina wingu. Boti ilikwenda, mume wangu ameshika usukani anacheka peke yake, binti yetu amekaa pembeni yangu, mdogo wake nimemfunga mgongoni kwa kanga. Tulifika mbali na ukingo. Ndipo mlio wa injini ukabadilika, nikasikia ubaridi miguuni, nikatazama chini nikaona viatu vyangu vya kanisani vinaelea.

Sisi watu wa milimani maji tunayojua ni ya kubeba kichwani. Sijui kuogelea, mume wangu naye anajua kidogo tu. Injini ilizima, sehemu ya nyuma ikazama, ya mbele ikainuka, na binti yangu akateleza kwenye kiti akaingia majini. Nilimwona gauni likipanda juu kisha halikuonekana. Lilionekana tena, likapotea tena. Mume wangu alijitupa akalishika gauni. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania chuma cha mbele, mtoto analia mgongoni. Wavuvi wawili waliokuwa wanatega nyavu walikuja na mtumbwi wao, wakatutoa mmoja mmoja. Ukingoni mmoja wao alimlaza binti kifudifudi gotini, akampigapiga mgongo. Alitapika maji, kisha uji wa asubuhi, kisha akalia. Tangu nizaliwe sijasikia sauti nzuri kama kilio kile.

Boti walikuja kuivuta baadaye kwa kamba. Mvuvi mzee akaigeuza, akapapasa chini, akaniita. Alichomoa kitambaa na kipande cha sabuni ya mche kilichokwisha kuyeyuka. Juu ya sabuni ilikuwa rangi. Kidole changu kiliingia kwenye ule ufa chote. Ulikuwa palepale alipopiga magoti akatuonyesha.

Kesho yake nilikwenda Bigwa kwa miguu. Nilimkuta yuko nyumbani anachonga mpini. Hakukuwa na msiba wowote Turiani. Majirani walikuwepo, mkewe alikuwepo. Nilimwambia boti imezama, na mwanangu amenywa maji nusura afe.

"Mtani," alisema, "si nilikwambia? Nilikuonyesha mpaka mahali. Mashahidi hawa hapa, waliniona nimepiga magoti."

Majirani wakacheka. Walikuwa na haki ya kucheka, kwao ilikuwa ni watani wawili wanakorofishana. Nikarudia kwamba mtoto alikuwa afe. Kwa muda mfupi mikono yake ilisimama juu ya mpini, na macho yake yakaenda kwa mkewe. Halafu akasema yule mke wake mdogo, binti yangu, hawezi kufa kirahisi, mahari bado hajaifaidi. Wakacheka tena. Hapo ndipo nilipojua kwa hakika kwamba alijua, na kwamba atajificha ndani ya utani siku zote.

Mjomba wangu, mkubwa wa ukoo wetu, aliposikia akateremka kutoka Kinole na kapu la machungwa. Nikamwamkia, nikamweleza yote. Akaniuliza kama mtani alisema kwamba boti ni mbovu. Nikajibu alisema. Akaniuliza kama alionyesha mahali. Nikajibu alionyesha. Akamenya chungwa taratibu, akanieleza kwamba mtani hapelekwi barazani, haijapata kutokea, na kwamba mimi siwezi kuwa wa kwanza na kuuvunja utani wa koo mbili kwa ajili ya chombo cha wazungu. Nilimwambia nasemea mtoto, si chombo. Alisema mtoto mzima, tumshukuru Mungu. Akanipa nusu ya chungwa, nami nikala kwa sababu ni mjomba.

Bahasha ilikwenda hivyo. Mume wangu akaenda Turiani kubeba miwa msimu hata msimu, mimi nikawa nakaanga vitumbua alfajiri kabla ya shule. Mwili wa boti tuliuweka uani, bata wakautagia. Lililoniuma zaidi kuliko vitumbua ni kwamba mume wangu alisamehe. Hakusamehe kwa kuumia, alisamehe kwa kucheka. Aliigeuza habari yote kuwa kichekesho cha wageni: jinsi mtani alivyotuambia, jinsi tulivyocheka, jinsi mwalimu alivyokumbatia chuma. Watoto walikua wanasikia hivyo. Binti yetu hakuwa anakumbuka chochote cha siku ile, alikuwa anajua kichekesho cha baba.

Na mtani aliendelea kuja. Alikuwa anaingia bila hodi, anaonja mboga yangu kwenye sufuria, anasema haina chumvi. Alikuwa anamletea binti yangu ndizi, na alipofaulu kwenda sekondari alimnunulia begi la kwanza jipya kuingia nyumbani kwetu. "Mke wangu," anamwita. Binti alimpenda mno. Labda begi lile lilikuwa njia yake ya kuomba radhi. Mimi sikuliona hivyo. Nilimmiminia chai kwa miaka mingi, nikamnunia moyoni, mahali pekee niliporuhusiwa.

Alipofariki, zamu ya utani ilikuwa yetu. Nilikwenda Bigwa pamoja na mume wangu na binti, nikavaa koti lake na kofia yake kama inavyotakiwa, nikaiga mwendo wake, watu wakaanza kuchangamka. Wakati jeneza linataka kutoka nikakaa mlangoni, nikalizuia. Mtani ana haki hiyo, na anaposema hakuna wa kumkatiza. Nilikuwa nimeisubiri haki hiyo miaka kumi na miwili.

"Huyu mtu aliniuzia boti yenye ufa," nilisema. "Aliuziba kwa sabuni, akapaka rangi, akijua wanangu watapanda. Akadanganya kwamba ana msiba ili yeye asipande."

Wakacheka. Nikasema mimi sitanii. Wakacheka zaidi, hilo ndilo kila mtani husema. Nikasema mwanangu alizama mara mbili, na mtu huyu alijua, na mkewe alijua. Wanawake waliangua vicheko, wakanitupia sarafu niondoke mlangoni. Mume wangu, aliyekuwa ndani ya boti ile, aliyelishika gauni lile, alikuwa anacheka na kujifuta macho. Mjane peke yake aliinamisha kichwa, akavuta kanga mpaka machoni. Nikaokota sarafu zangu, nikawapisha.

Tulipokuwa tunarudi kwa miguu binti alinishika mkono, baba yake ametangulia mbele. Alikuwa amelia mpaka sauti imekauka. Ukimtoa mjane, ndiye mtu pekee pale aliyekuwa amenisikia.

"Mama," aliniuliza, "ni kweli alijua?"

Nilikuwa na jibu hilo mdomoni kwa miaka kumi na miwili. Nikamtazama, begi lile liko begani kwake.

"Ulikuwa utani tu, mwanangu," nikamwambia.

Akaniamini, akaendelea kumlilia.