Juu Mwijage, Chini Rugaibula

Mtu akikuambia wivu ni ugonjwa wa wanawake, muulize kama amewahi kusikia habari za Rugaibula wa Kashozi. Mwanamume mzima, mke anaye, kibanja anacho, migomba yake inazaa mpaka inaegemezwa kwa miti, lakini akisikia mluzi wa Mwijage juu ya mti wa watu, tonge linamkwama kooni.

Rugaibula alikuwa mkata matawi. Usicheke, ile si kazi ya kucheka. Kwetu mti hausimami peke yake uwanjani. Unasimama katikati ya kibanja, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, na pembeni kaburi la babu. Tawi likifika juu ya bati lazima liondolewe, lakini likiangukia pasipotakiwa umeshavunja mgomba wenye mkungu, na mwenye kibanja atakutangaza mpaka mlangoni mwa kanisa. Masika shina linateleza. Kiangazi wateja wanakuambia tungoje kwanza, mti hauna haraka. Upepo wa ziwani ukianza kuvuma nawe uko juu mtini, hilo ni lako wewe na Mungu wako.

Baba yake, Ta Rweyemamu, alifanya kazi hiyo kwa panga na shoka, na ndiyo iliyomuua. Alianguka kutoka kwenye mtoma wake mwenyewe, nyuma ya nyumba, ule mti mpana ambao wazee walikuwa wakiuambua gome na kulitwanga liwe nguo. Rugaibula alikuwa hajaota ndevu. Tangu siku ile hakuna aliyeugusa mtoma ule. Ukanenepa, ukatanda, tawi lake kubwa likanyooka mpaka juu ya chumba anacholala mama yake, Ma Ephrasia.

Rugaibula akajiwekea neno moyoni: tawi lile nitalikata mimi. Miti mingine yote aliyopanda ilikuwa mazoezi ya ule mmoja. Kila mwaka alimwomba mama yake, na kila mwaka mama alimjibu, "Acha kwanza." Akaacha, akingoja siku yake.

Ndipo akaja huyo Mwijage.

Alikuwa mtu wa Kishanda, huko Muleba. Alibeba mizigo bandarini Bukoba, na alipoacha kazi hiyo akatoka na kamba ndefu ya melini na roda ya chuma, kile kigurudumu cha kupitishia kamba. Akafika Kashozi kwa baiskeli kukata mti wa mwalimu mmoja. Alifunga tawi kabla ya kulikata, akapitisha kamba kwenye roda, mtu akaishika chini, na tawi likashuka taratibu kama mtoto anayeshushwa mgongoni. Halikuchana hata jani la mgomba. Wanawake wakapiga vigelegele. Vigelegele, jamani, kwa tawi! Rugaibula alikuwa amesimama njiani, mikono ameikunja.

"Ujanja wa bandarini," akasema, akatema mate.

Toka hapo ikawa Mwijage, Mwijage. Muite Mwijage. Mwijage ana mikono. Umesikia Mwijage anavyopiga mluzi akiwa kule juu? Jamaa mwenyewe alikuwa mcheshi, hana makuu, anakula popote anapokaribishwa na hasemi habari za kwao. Hilo nalo lilimuudhi Rugaibula. Angekuwa na maringo angalau angepata pa kumshikia. Rugaibula akawa anazunguka njia ya mbali ili apite chini ya mti ambao mwenzake anaukata, atafute kosa, na asipolipata anarudi nyumbani amenuna.

"Ungekuwa unanitazama mimi hivyo," mkewe Jovita akamwambia, "ningekuwa nimenenepa."

Mwezi wa senene Rugaibula alimkuta mama yake jikoni anafunga senene waliokaangwa vizuri, amewaweka kwenye jani la mgomba. Akanyoosha mkono.

"Hao si wako," mama akasema. "Ni wa Mwijage."

Wee! Senene wa mama yake mzazi! Mtoto wa kiume wa pekee amekaa hapo, senene wanakwenda kwa mbeba mizigo wa Muleba! Rugaibula alitoka bila kuaga, na siku nzima alipasua kuni ambazo hakuna aliyemtuma kuzipasua.

Miaka hiyo ujamaa ulikuwa umepamba moto. Mwenyekiti wa kijiji, Ta Byarugaba, akaitisha mkutano uwanja wa shule. "Huyu na shoka lake, yule na kamba yake, kila mmoja anavutia kwake," akasema. "Hatutaki ubepari wa matawi hapa!" Wakata matawi wakaundiwa kikundi kimoja, zana zikawa za wote, na Mwijage akaandikishwa kuwa mwanakijiji. Likabaki swali: nani apande, nani ashike kamba chini? Kila mtu alijua kwamba mpandaji ndiye fundi. Mshika kamba ni mshika kamba.

"Wanaosema juu Mwijage, chini Rugaibula, wanyooshe mikono."

Mkono wa kwanza kunyooka ulikuwa wa Ma Ephrasia. Aliunyoosha juu kabisa, bega la gauni likavutika, wala hakumtazama mwanawe. Rugaibula aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni. Hakumsemesha mama yake kwa muda mrefu baada ya hapo. Akimpelekea ndizi, anaziweka mlangoni na kuondoka.

Akawa mshika kamba basi. Na kusema kweli alikuwa mshika kamba mzuri, maana alijua tawi litafikiria nini kabla halijakatika. Kamba unaizungusha kwenye shina la mti mwingine, unaegemea nyuma, unaiachia kidogo kidogo. Ukizembea, tawi linarudi kumpiga aliye juu. Watu wakasifu kikundi, wakimaanisha Mwijage.

Siku moja Ta Byarugaba akaja na habari. "Ma Ephrasia ameomba kikundi. Anataka tawi la ule mtoma liondoke kabla ya masika." Kisha akakohoa. "Na amesema Mwijage ndiye apande. Amesisitiza."

Rugaibula akageuka, akaenda zake. Usiku huo Jovita alimsugua mgongo, akampa na ugoro wa kunusa, lakini usingizi haukuja.

Asubuhi Mwijage alikuwa juu ya mtoma wa Ta Rweyemamu, anapiga mluzi. Rugaibula alikuwa chini, kamba mikononi, kaburi la baba yake liko mbele yake pale. Wivu ulimwaka kifuani hasa. Akawaza: nikilegeza mkono kidogo tu, nani atajua? Miti inateleza, kila mtu anasema. Lilikuwa wazo fupi, lakini lilikuja, na lilipokuja aliogopa mikono yake mwenyewe. Akaifunga kamba kwenye shina, fundo kwa fundo, akamgeukia mama yake aliyekuwa amekaa kwenye kizingiti.

"Mama! Mwijage, ngoja kwanza, usikate! Mama, niambie leo, nisikie. Nimekukosea nini? Mti huu ni wa baba yangu. Nimekuomba tangu sijaoa. Senene umempa yeye. Mkono umemnyooshea yeye. Na leo mti wa baba unampa mtu wa kuja! Ana nini huyu ambacho mimi sina?"

"Rugaibula, punguza sauti."

"Sipunguzi!"

Ma Ephrasia akasimama. Alikuwa mdogo wa mwili, lakini sauti yake ilifika mbali. "Hana mama!" akapiga kelele. "Ndicho alicho nacho! Nilimwokota baba yako hapo uliposimama, unasikia? Hapo hapo! Wewe nimekuzaa mimi. Ukipanda miti ya watu, mimi sili mpaka urudi. Huyo akianguka, hapa hakuna wa kumlilia. Nimempa senene kwa sababu nilijua nitamtuma huko juu, na roho ilinisuta. Sasa umeridhika?"

Mluzi ulikuwa umekoma. Ma Ephrasia akatazama juu, akaziba mdomo kwa kiganja, akaingia ndani.

Baadaye kidogo sauti ya Mwijage ikatoka kwenye majani, ya kawaida tu. "Shika kamba, bwana. Nakata."

Rugaibula akafungua mafundo, akashika. Alikuwa hajawahi kushika kamba namna ile. Tawi likapita juu ya bati, likazunguka kaburi, likalala kati ya migomba.

Wakanawa mikono pamoja kwenye karai. Rugaibula akaanza kumuombea mama yake msamaha, mwenzake akamkatiza.

"Mimi ndiye ninayekuonea wivu wewe," Mwijage akasema. "Ulikuwa hujui?"

"Mimi? Una nini cha kunionea wivu mimi?"

"Ukiwa kazini mama yako anasimama barabarani, mkono juu ya macho, anakuangalia kama unarudi. Nimemwona mara nyingi. Mimi nimepanda miti tangu nikiwa mtoto, nikawapandia watu walionilea, nikawapandia na wengine. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunikataza."

Akakung'uta maji mikononi, akaenda kukunja kamba.

Sitaki kukudanganya kwamba wivu uliisha. Watu waliposema Mwijage ana mikono, Rugaibula bado alikunja uso. Lakini masika yalipoingia kikundi kilikuwa na mvule wa Ma Benadetha, mrefu kupita nyumba zote, na siku yenyewe wingu jeusi likaanza kupanda kutoka ziwani. Upepo ukashika vilele, mvua ikaanza kudondoka. Mwijage alikuwa karibu na kilele, anaendelea kukata kwa msumeno.

"Mwijage! Shuka!"

"Limebaki kidogo!"

"Malizeni kazi ya kijiji!" Ta Byarugaba akasema, kofia ameishika kwa mikono miwili.

"Shuka!" Rugaibula akapaza sauti mpaka ikamkwaruza. "Nakukataza!"

Msumeno ukasimama. Uso wa Mwijage ukatokea kati ya majani, umeloa.

"Unanikataza wewe kama nani?"

"Ukianguka nitalia mimi! Shuka, nimesema!"

Mwijage akapangusa mvua machoni. Kisha akaufunga msumeno kiunoni, akaanza kushuka.